Nakamua tui kila siku na bado mikono ilikuwa kama msasa

Nianze na shuka. Kuna usiku mmoja mume wangu aliamka akaniuliza we husikii panya anakwaruza hapa kitandani, tukawasha tochi ya simu tukatafuta, chini ya godoro, nyuma ya kabati, panya hakuna. Nikajilaza tena nikakunja mguu na ile sauti ikarudi. Kumbe ni kisigino changu kinakwaruza shuka. Hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma, afadhali angecheka, yeye alinyamaza tu akageukia ukutani.

Mimi nauza mahamri na mbaazi za nazi asubuhi huku Majengo, jioni natoa viazi karai na bajia, mwaka wa kumi na moja huu. Saa kumi alfajiri niko juu ya mbuzi nakuna nazi, nazi nane, siku za harusi hadi kumi na tano, alafu nakamua tui kwa mikono miwili hii hii. Sasa niambie, mtu ambaye mikono yake inashinda ndani ya tui, kama nazi peke yake ingekuwa dawa ya ngozi kavu si ningekuwa na mikono ya mtoto wa arubaini? Lakini wapi. Nikishika deraa jipya nyuzi zinanasa kwenye vidole. Pembeni ya kidole gumba kulikuwa na nyufa, zile nyembamba kama umekatwa na karatasi, na ukitaka kujua ziko ngapi bila kuhesabu kamua ndimu moja tu, kila moja itakujibu kwa jina lake.

Na magaga ndio usiseme. Visigino vilikuwa na ukingo mgumu wa manjano kuzunguka, kama ukoko wa wali ulioshika sufuria, na kwa kati imepasuka hadi unaona nyama nyekundu. Harusi ya binamu yangu kule Mji wa Kale nilikaa zamu yangu ya hina, yule dada wa kupaka hina akaushika mguu akaugeuza akaniangalia, akasema kwa sauti ya chini dada yangu hapa nikipaka itashika mahali na mahali. Alikuwa mpole lakini wanawake wote wa pale chumbani walisikia. Nikasema basi paka mikononi pekee, na mikononi nako ikashika madoa madoa kwa vile ngozi ilikuwa inabanduka.

Kitu kilichokuwa kinanichanganya ni hii Mombasa yetu. Ngozi kavu mimi nilidhani ni mambo ya watu wa Limuru huko kwenye baridi, sisi huku jasho halikauki, hewa yenyewe ukiikamua inatoa maji, sasa ukavu unatoka wapi? Nikajijibu mwenyewe kwamba nimekosa mafuta. Na kuanzia hapo ikawa safari ya mafuta na pesa, karibu miaka minne.

Nilijaribu vyote. Arimis ile ya kukamulia ng'ombe, na siisemi vibaya, nyumba ngapi za Kenya zimekulia hapo. Mafuta ya nazi ya Marikiti, mafuta ya ufuta, singo ya kutwanga mwenyewe yenye liwa na karafuu, ilinukia vizuri sana na mwili ulilainika lakini kisigino kiliiangalia tu. Jirani akaniambia nidondoshe mshumaa ndani ya nyufa, nikafanya, nikaungua, ule mshumaa ulitoka siku ya pili na ngozi yake. Ndimu na sukari nayo, hii nataka muisikie vizuri kwa sababu naona bado watu wanaambiana: nilisugua mikono kwa ndimu kutoa shombo ya samaki alafu nikakaa juani nasubiri wateja, kesho yake mikono ikawaka nyekundu kama nimeungua, baadaye ikabaki na mabaka meusi karibu miezi miwili. Maji ya ndimu na jua kwenye ngozi havipatani kabisa.

Alafu kuna krimu moja nilinunua kwa mtu anayepitisha bidhaa mkononi, ati ya magaga, madoa, mikono, kila kitu. Wiki ya kwanza wallahi mikono ililainika nikaona nimepata dawa, nikanunua tatu. Nikawa nikiacha siku mbili mikono inawasha na kuwa myekundu, nikipaka inatulia, nikiacha inarudi vibaya zaidi, na ngozi ya juu ya mkono ikawa nyembamba unaona mishipa. Baadaye nilivyopeleka kile kibomba kwa dada wa kemisti akasoma yale maandishi madogo ya nyuma akaniambia mama hii ina steroidi, tena kali, hii inatumiwa siku chache kwa maelekezo ya daktari sio mafuta ya kujipaka kila siku kama vaselini. Sikuwahi kusoma nyuma. Nilisoma mbele, ambako kulikuwa na picha ya mguu mzuri.

Sasa nije kwenye wembe, juu hapo ndipo kila kitu kiligeukia.

Ilikuwa wakati wa kaskazi, kiangazi kimekaza na ule upepo mkavu, nyufa za kisigino cha kulia zilikuwa zinatoa damu nikitembea. Nikaingia bafuni na wembe mpya, nikalowesha mguu, nikaanza kuchonga ule ukoko kama mtu anayemenya muhogo. Inatoka vizuri, unafurahi, unaendelea. Mpaka ikaingia ndani. Nikafunga kitambaa, asubuhi nikaenda kazini na ndara, mchanga, maji machafu ya kuoshea vyombo, siku nzima juu ya mguu. Siku ya tatu mguu umevimba hadi kifundoni, una joto, siwezi kukanyaga, na usiku natetemeka homa kwenye joto la Mombasa.

Kliniki muuguzi mmoja mama wa makamo alinisafisha bila kunigombeza, kwanza alinitoboa kidole akapima sukari. Nikamwambia mimi nimekuja na mguu. Akasema mguu uliokatika na kuoza haraka namna hii lazima nijue sukari kwanza. Sukari yangu ilikuwa sawa, alhamdulillahi, na nitarudi kwenye hili jambo la sukari. Nikapewa dawa za kuua vijidudu za kumeza, na amri ya kukaa mguu juu, hakuna kusimama.

Nilikaa nyumbani wiki tatu kasoro siku mbili. Kibanda kikashikwa na binti yangu aliyekuwa amemaliza shule akisubiri chuo. Yeye ndio anakuna nazi, anakanda unga, anaosha vyombo, anafua, na mimi nimekaa barazani na mguu juu ya stuli nachambua mchele na kutoa maagizo hadi akanichoka.

Siku moja, nafikiri ni wiki ya pili inaisha, nikamsuka nywele mtoto mdogo wa jirani. Yule mtoto siku zote nikimsuka hulia, ati mikono yangu inamchoma kichwani. Siku hiyo hakulia. Nikageuza viganja nikaviangalia. Nyufa za kidole gumba zimefunga zote. Ngozi imerudi, sio ya malaika lakini ya mtu. Na nawaapia, kwa wiki mbili hizo sikuwa nimepaka kitu mikononi, akili yangu yote ilikuwa mguuni, hata vaselini sikugusa.

Binti yangu akarudi jioni na beseni la vyombo, nikamwambia hebu njoo nipe mkono. Akanipa. Ulikuwa ni mkono wangu. Ile mistari nyeupe ya unga unga kwenye viungo vya vidole, pembeni ya kidole gumba kuna kijiufa kimeanza, msichana wa miaka kumi na tisa. Mikono yangu ilikuwa imehama mwilini mwangu ikaenda kwake, na hiyo miaka minne mie nanunua mafuta.

Nilivyorudi kliniki kuangaliwa kidonda nikamwuliza yule muuguzi. Akaniuliza swali moja tu, unaosha na nini? Nikamwambia sabuni ya unga, kwani kuna nyingine? Vyombo, nguo, meza, na mikono yenyewe, na vitambaa vyeupe natia Jik ile ya kung'arisha. Akaniambia sasa we unalalamika huna mafuta na unayaosha mwenyewe. Alinieleza hivi, nami nitasema nilivyoelewa: viganja na nyayo havina tezi za mafuta kama sehemu nyingine za mwili, jasho ziko, mafuta hapana, kwa hivyo hapo kile kidogo ngozi ilichojiwekea ndio mali yote. Ngozi yenyewe ina uchachu kidogo na sabuni nyingi ni kinyume chake, na ile ya unga imetengenezwa kuondoa mafuta kwenye nguo, haijui hii ni shati hii ni ngozi. Inachukua yote. Alafu maji yenyewe ya kisima huku kwetu ni ya chumvi, povu halitoki, unaongeza sabuni, na kusuuza haitakati vizuri inabaki utando juu ya ngozi. Sasa lile jasho ninaloringa nalo halisaidii kitu, maji yanakuja juu yanakauka yanaondoka.

Na kuhusu vaselini akasema kitu sijakisahau: vaselini haina maji, haileti maji, kazi yake ni kufunika maji yasitoke. Kwa hivyo ukipaka kwenye ngozi iliyokwisha kukauka umefunika sufuria tupu. Unapaka ngozi ikiwa bado na unyevu, umetoka kunawa, umejipangusa juu juu, ndani ya dakika mbili tatu hapo hapo.

Nilitaka kujua ni mara ngapi kwa siku mikono inakutana na sabuni. Nikaweka kikombe na kila nikishika sabuni natia punje moja ya mbaazi. Nilidhani itakuwa kumi, kumi na mbili hivi. Jioni tukahesabu, arubaini na moja! Binti akasema hesabu tena.

Sasa tulichobadilisha. Vyombo na nguo ni kwa glavu za mpira, bila hivo vyombo havioshwi. Hizi glavu mwanzo nilizichukia, mkono unatoa jasho ndani, na jasho lililofungiwa nalo linawasha, kwa hivyo nazivua kila baada ya muda, nazigeuza zikauke, nikiwa na vyombo vingi naosha kwa awamu. Kunawa mikono kabla ya kugusa chakula na ukitoka chooni sabuni lazima, hapo sina mjadala na mtu, lakini ni sabuni ya kipande isiyo na marashi makali, na maji ya kawaida sio ya moto, kwani maji moto nayo yanayeyusha mafuta ya ngozi. Na unga tu ukishika mkononi unatoka kwa maji matupu, nilikuwa natia sabuni kwa nini hata sijui. Pale kibandani kando ya chumvi nina kichupa cha mafuta ya nazi safi, kila nikinawa nikipangusa matone mawili, kwa sababu vaselini na mahamri ya watu haviendani. Vaselini ni ya usiku. Na maji ya kuogea ya mwisho, yale ya kusuuza, nanunua mtungi mmoja wa maji matamu kwa yule kijana wa mkokoteni, mume wangu aliona ni israfu, nikamwambia hesabu ulizokuwa ukinipa za krimu. Hiyo mikono ikanyooka ndani ya mwezi mmoja.

Visigino ni hadithi nyingine, huko sikushinda haraka. Ngozi ya kisigino ikishakuwa nene hivo mafuta yanakaa juu tu, hayaingii. Dada wa kemisti akanipa krimu yenye yurea asilimia 25, akaniambia hii inalainisha ile ngozi ngumu na kuvuta maji ndani, lakini kwenye ufa ulio wazi itachoma, ngoja ufunge kwanza. Na ya mikono ukitaka iwe ya asilimia 10. Nikawa naloweka miguu dakika kumi mpaka kumi na tano kwenye maji ya uvuguvugu matupu, hakuna chumvi, hakuna Jik, hakuna sabuni ya unga (mamangu mzaa chema alikuwa analoweka na Jik, Mungu amrehemu), napitisha jiwe la kusugulia taratibu, upande mmoja, mara mbili kwa wiki sio kila siku. Ukisugua kila siku kwa hasira ngozi inajihami, inazidi kuwa nene. Alafu napangusa, napaka krimu, juu yake vaselini.

Hapo kila mtu anakwambia vaa soksi ulale. Huyo anayesema hivo nataka aje alale Majengo mwezi wa pili, stima imepotea, feni imesimama, mabati yanapumua joto, alafu ajaribu hizo soksi zake. Nilivumilia siku mbili, ya tatu nikaamka nimezitupa dirishani. Nikafanya hivi: nikishaswali isha napaka, navaa soksi, nakaa nazo saa moja na nusu nikiangalia tamthilia, nikienda kulala navua. Inatosha. Kwa nini baada ya isha, ni kwa ajili ya udhu. Vaselini nzito ikikaa mguuni unajiuliza maji yamefika kwenye ngozi ama hayakufika, kwa hivyo mchana natumia mafuta mepesi baada ya kutawadha na ile nzito naiweka mwisho wa siku. Na nimejifunza kupangusa katikati ya vidole vya miguu kila nikimaliza udhu, mafuta hapo sitii, pale pakibaki na unyevu fangasi wanahamia.

Ndara nazo nimepunguza. Ukisimama masaa kumi na ndara iliyokwisha unyayo, kisigino hakina ukuta wa nyuma, kinatandazika na uzito wa mwili, na ngozi kavu ikitandazwa inapasuka. Sasa kibandani navaa raba zilizofunga nyuma, wateja walinicheka wiki moja.

Ilichukua kama wiki sita kufika mahali shuka linanyamaza.

Mume wangu alivyoona hivyo naye akaanza kujipakia krimu yangu. Yeye ni fundi wa ujenzi, na saruji inakausha ngozi na kuichoma kushinda sabuni yoyote, kwa hivyo tukasema ni hiyo. Lakini haikusaidia hata. Nikamwangalia vizuri: nyayo zote mbili zina unga unga mweupe kwenye mistari, na kiganja kimoja tu, cha kulia, cha kushoto kizima. Saruji si inashikwa na mikono miwili? Tukaenda, daktari akakwangua kidogo akaangalia, fangasi. Fangasi wa nyayo kumbe anaweza kufanana kabisa na ukavu, na anayejikuna mguu kwa mkono mmoja anauhamishia huo mkono. Akapewa dawa ya kupaka mara mbili kwa siku, wiki kadhaa, na akaambiwa asiache siku ile anaona imepona. Yeye na kuacha ni ndugu, ilibidi niwe namkumbusha kama dozi ya mtoto.

Nilisema nitarudi kwa sukari. Mamangu mdogo ana kisukari miaka mingi, na hii habari ya visigino vyangu nilipomhadithia akanionyesha wake, akasema mimi hainiumi. Ufa mrefu kama kidole, una usaha, na haumuumi! Hapo nikaelewa yule muuguzi alikuwa anaogopa nini. Kisukari kinaweza kuua hisia za miguu, mtu anakanyaga msumari anatembea nao. Tulimpeleka siku hiyo hiyo, mguu ukapona, na sasa mjukuu wake kila jioni anamwangalia nyayo kwa tochi, yeye mwenyewe hawezi kuinama. Jiwe la kusugua hatumii, wembe hata usiutaje mbele yake, maji kabla ya kutia mguu lazima mtu mwingine aonje joto kwa kiwiko. Ukiwa na sukari haya yangu yote ya kuloweka na kusugua sio yako, nenda ukaangaliwe.

Binti yangu alienda chuo na mikono yake imepona. Amerudi likizo juzi akafungua droo ya jikoni kutafuta kijiko, akakuta glavu za kushoto zimejaa. Mimi natumia mkono wa kulia kusugua, kwa hivyo ya kulia ndio hutoboka, kila mwezi natupa moja na ile ya kushoto nzima naiona haya kuitupa, zilikuwa kumi na moja, nilikuwa nangoja nipate mtu wa mashoto nimpe. Akanitazama. Akachukua moja, akaigeuza ndani nje, akaivaa mkono wa kulia, ikakaa sawa sawa, akaingia kuosha vyombo.